Wasomi wa Kwenye Simu

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, na wale watukutu wenu wawili. Natumai mafua ya yule mdogo yamepungua na kwamba siku hizi wanakuacha ulale kidogo ukitoka zamu. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Mguu wa kushoto bado mzito, lakini anakwenda na fimbo yake mpaka kwa jirani, anapiga soga, anarudi na habari za mtaa mzima. Amenituma nikuulize kama unakula. Nikamwambia wewe ni muuguzi, unajua umuhimu wa kula. Akasema wauguzi ndio hawajui.

Barua yako nimeipata. Unaniuliza umalizie shahada yako ya mtandaoni au uiache njiani, kwa kuwa matroni wenu kakwambia mbele ya wenzako kwamba vyeti vya namna hiyo waajiri wanafungia karanga. Nimeisoma nikacheka, kisha nikakasirika, kisha nikatafuta kalamu. Kabla sijakujibu, acha nikusimulie yaliyonipata mwenyewe. Nimechoka nayo, Chiriku, nimechoka kabisa, na mama hataki tena kuyasikia.

Unakumbuka nilivyosoma. Wewe ulikuwa umeshaolewa, mama kapigwa kiharusi, nyumbani nimebaki peke yangu. Namgeuza mama kitandani huku simu imeegemea chupa ya maji, mhadhiri anafundisha ukaguzi wa hesabu. Mama alikuwa hawezi kusema lakini masikio yalikuwa mazima, na ulimi uliporudi akaanza kunisahihisha. Mpaka leo ukimwuliza uchakavu wa mashine unakokotolewaje, anakueleza. Mitihani nayo sikuifanyia kitandani. Tulikwenda ukumbini, tukapekuliwa mpaka soksi, tukakaa mbalimbali na wasimamizi wanatutembelea vichwani.

Basi, baada ya kuhitimu niliomba kazi ya uhasibu katika kiwanda kimoja cha magodoro. Kwenye wasifu wangu nikaandika kwa moyo mweupe: Shahada ya Uhasibu, kwa njia ya mtandao. Sikuona cha kuficha.

Siku ya usaili nimekaa mapokezi, viti bado vina nailoni zake, nasikia kijana mwingine wa usaili anamsalimia dada wa mapokezi. Nikashtuka. Sauti ile naijua! Darasani kwetu kulikuwa na mwanafunzi asiyezima kipaza sauti chake hata umlilie. Kila mhadhiri akifika penye jambo gumu, kwake jogoo anawika. Jina lake halisi tulilisahau, tukamwita Jogoo. Nikamsogelea, nikamwuliza kama kwao wanafuga kuku. Aliangua kicheko mpaka mlinzi akachungulia. Kumbe yeye alisajiliwa kusoma chuoni kabisa, ila ukumbi ulikuwa hautoshi, wakaambiwa wafuate mihadhara kwenye simu pamoja na sisi. Akawa anasomea kwa shangazi yake, jirani na banda. Mhadhiri mmoja, vitabu vilevile, mtihani uleule, chuo kilekile. Ukiweka cheti chake na changu juu ya meza, ni majina tu yanayotofautiana.

Nikaitwa ndani. Walikuwa wawili: Mkurugenzi, mzee mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, na mama mmoja wa idara ya utumishi. Mdogo wangu, sikuulizwa swali hata moja la hesabu. Mkurugenzi alitaka kujua nani alinifanyia mitihani. Nikamweleza habari ya ukumbi na kupekuliwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto akisingizia paka, kisha akauliza kama mihadhara niliisikiliza nikiwa na nguo za kulalia. Akacheka peke yake. Mwishowe akanihakikishia kwamba yeye hana ugomvi na teknolojia, hata umeme ananunua kwa simu, ila wasomi wa kwenye simu, ndivyo alivyotuita, hawajui kukaa na watu.

Kazi akapewa Jogoo. Sikumwonea kijicho, ana akili yule. Aliniambia kwamba aliulizwa maswali ya vitabu vya hesabu, akajibu, wakamwuliza na timu anayoshabikia. Aliposikia mimi nimekataliwa alimwambia Mkurugenzi kwamba tulisoma darasa moja, kwenye simu ileile. Mkurugenzi akamjibu kwamba yeye ni tofauti kwa sababu alikuwepo chuoni. Jogoo akasema hakuwepo chuoni, alikuwa kwa shangazi. Mkurugenzi akadhani ni utani, akampiga begani.

Nikaendelea kuhangaika. Kampuni ya bima walitaka barua ya chuo kuthibitisha kwamba shahada yangu ni shahada. Nikaifuata, nikaipeleka. Wakataka barua ya kuthibitisha kwamba ile barua imetoka chuoni. Hoteli moja waliniambia wazi wananipenda lakini wanaogopa wakubwa wao, na wakubwa wao nilipowaona wakaniambia wanaogopa wateja. Mteja gani, Chiriku, anayekwenda kulala hotelini akauliza kwanza mhasibu kasomea wapi? Nilifika mahali nikawa nachukua fomu za kurudia shahada nzima, safari hii nikiwa nimekaa kwenye benchi, ili tu watu waridhike kwamba makalio yangu nayo yamesoma.

Jogoo ndiye aliyenipigia simu kunizuia. Kiwandani kwao nafasi nyingine ya mhasibu ilikuwa imefunguka. Akaniambia niombe tena, ila nifute yale maneno ya mwisho, ya mtandao. Nikamwambia huo ni uongo. Akaniuliza kwenye cheti yapo? Nikaenda kuangalia. Hayapo. Nikayafuta.

Wiki haikuisha wakaniita. Mapokezi ni yale yale, chumba ni kile kile, Mkurugenzi na miwani yake. Alinitazama usoni na hakunikumbuka hata chembe. Safari hii niliulizwa hesabu kwelikweli: thamani ya sponji iliyobaki ghalani, uchakavu wa mashine za kukatia, namna ya kumdai mteja sugu bila kumpoteza. Nilijibu yote. Mzee akaegemea kiti, akamgeukia yule mama wa utumishi, akasema, "Unaona mtu aliyekaa darasani anavyojieleza?" Yule mama alinitazama, akaitazama karatasi yangu, akakohoa.

Sasa mdogo wangu, hapa kuna jambo ambalo hata mama sijamwambia. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limenijaa mdomoni. Lakini nilimwambia tu, "Asante, Mzee." Nikapewa kazi, nikasaini, nikaja nyumbani nikamkumbatia mama, naye akashangilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Usiku ule sikujipenda. Hasira niliyokuwa nayo kwao nikaona nusu yake inanihusu mimi.

Nimefanya kazi pale miezi kadhaa sasa, na nashukuru naifanya vizuri. Mzee mwenyewe hunisifu mbele ya mafundi, na kila akinisifu lazima alitaje darasa. Nikawa nameza.

Mpaka Jumanne iliyopita. Aliniita ofisini kwake, mama wa utumishi yupo, mezani kuna rundo la maombi ya kazi ya karani wa hesabu. Akataka nisaidie kuyachambua, kisha akaniambia kama mtu anayetoa maelekezo ya kawaida kabisa, "Wale wasomi wa kwenye simu watoe kwanza, tusipoteze muda."

Nililishika lile rundo. La juu kabisa lilikuwa la mama mwenye watoto watatu, anafanya kazi ya usafi hospitalini, ameandika palepale bila woga kwamba amesoma kwa njia ya mtandao. Nikakuona wewe, Chiriku. Wallahi nilikuona wewe na kofia yako ya kazini.

Nikayarudisha mezani. Nikamwambia, "Basi, Mzee, ungeanza kwa kunitoa mimi."

Alidhani sijaelewa. Nikamweleza kwamba mimi ndiye yule ambaye yeye alimwuliza nani alimfanyia mitihani. Uso ukamwiva. Akasema nimemdanganya. Nikamwomba atazame mafaili. Mama wa utumishi hakusubiri kutumwa. Alikwenda kabatini akarudi na maombi yangu yote mawili, kama mtu aliyekuwa anajua yalipo siku zote. Akayaweka ubavu kwa ubavu. Jina moja, cheti kimoja, alama zile zile. Mzee akavaa miwani. Alisoma kwa muda mrefu, na mimi nikawa nafikiria dawa za mama na kodi ya nyumba na ujinga wangu wa kufungua mdomo.

Kisha akavua miwani, akasema niende nikaendelee na kazi. Basi. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya salamu, nami nikawa nimeshaanza kukusanya vikombe vyangu.

Sikufukuzwa. Jana mama wa utumishi alinionyesha orodha ya walioitwa: yule mama wa hospitalini yumo, na wengine wa namna yake. Mzee hajaniomba radhi, wala sitegemei aniombe. Alipita tu mezani kwangu akaniagiza niandae maswali ya usaili. Akapiga hatua, akasimama, akaongeza bila kugeuka kwamba lile la nani alikufanyia mtihani niliache.

Kwa hiyo umalizie, Chiriku. Usiache. Sikuambii waajiri wamebadilika, maana kama unavyoona, hapa amebadilika mmoja, tena nusunusu na kwa kununa. Wengine utawakuta wamekaa na maswali yao ya nguo za kulalia. Utawajibu. Na ukishindwa kuwajibu siku hiyo, kama nilivyoshindwa mimi, utawajibu siku nyingine.

Mama nitamweleza leo tukimaliza kula; najua atanigombeza kwa kukaa kimya, halafu atakwenda kumwambia jirani. Nibusie watoto, msalimie sana shemeji, na ukipata likizo njoo hata siku mbili, mama anakuulizia kila mlango unapolia. Mungu akulinde na zamu zako.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dada Mkubwa