Mbega na Namba ya Uthibitisho

Jumanne, 6 Mei

Umepotelea wapi, mwanamke? Tangu palizi hujaligusa daftari hili. Uliapa kuandika kila juma ili herufi zisikutoroke, hizo ulizofundishwa kanisani ukiwa tayari na wajukuu. Sasa mkono mzito kama mchi. Haya, andika, usijitetee.

Nilikuwa napepeta uwele, bwana mifugo akaingia na kishikwambi, kile kioo kikubwa kama sahani ya ugali. Ng'ombe wangu wawili wametobolewa masikio na kuvishwa hereni za namba. Kaniuliza jina, kijiji, simu, mwaka wa kuzaliwa. Nikamuuliza, unanichumbia? Akasema ni data. Data ni habari zako, zinakatwa vipande, kila kipande kinaingia kisanduku chake. Kama nyama ya msiba. Zikishakatwa zinapelekwa wapi? "Kwenye wingu, bibi."

Hapa Hombolo hata wingu la mvua hatuliamini.

Sikumpenda. Macho yake yako kwenye kioo, hayako kwa mtu.

Alhamisi, 8 Mei

Sijalala vizuri. Ni Mbega.

Mbega ni ng'ombe wangu wa tatu, mweusi mwenye mgongo mweupe, wa mahari ya binti yangu. Yuko Mpwapwa kwa Ndalu, shoga yangu tangu usichana. Nilimweka kwake baada ya ukame ulionifagilia zizi. Ndiyo desturi yetu. Maziwa anakunywa Ndalu, ndama tunagawana, ng'ombe ni wangu. Karatasi hakuna. Kuna neno lake na neno langu.

Sasa hawa watu wa hereni wanaandika ng'ombe kwa jina la mwenye zizi alimokutwa.

Nimempigia. Sikumsalimu hata, nimeuliza ng'ombe tu. Akasema, "Kesho wanakuja kwangu, nitamwandikisha..." Mtandao ukakata. Atamwandikisha kwa jina la nani?

Ijumaa, 9 Mei

Siku mbaya.

Ujumbe umeingia kwenye kitochi changu, kisimu cha vitufe. Namba sita, na maneno: usimpe mtu yeyote. Sijakaa, simu ikalia. Mwanamume. "Bibi shikamoo, nisomee hiyo namba iliyoingia sasa hivi." Nisomee! Jirani yangu alisomea mtu namba kama hiyo, akaunti yake ikabaki mifupa.

Nikamtukana. Nikamwambia mwizi mkubwa wewe, mwizi na aliyekupa namba yangu ya simu, mzikwe pamoja. Akapiga tena. Nikatukana tena, vizuri zaidi. Nikazima simu, nikaitia kwenye mtungi wa karanga.

Lakini nimefurahi. Sikudanganywa.

Jumapili, 11 Mei

Mkwe wangu Mwanahawa kaja kutoka mjini. Anafanya kazi ofisini, kwenye kompyuta. Mtanga huyu ana maneno matamu mno, nilimshuku mwaka mzima. Leo kapika mlenda kama aliyezaliwa hapa. Namsamehe nusu.

Nimemuuliza yote. Wingu si wingu. Ni kompyuta za watu, zimepangwa mbali kwenye nyumba yenye baridi, zinatunza habari zetu. Basi wangesema ghala. Na habari hizo huwekwa pia mahali pengine, ghala moja likiungua jingine libaki. Wanaita nakala rudufu. Nikamwambia, mwanangu, hiyo tunaijua. Ng'ombe wote ukiwafuga zizi moja, ugonjwa ukiingia unabaki na kamba.

Nenosiri ni ufunguo wako wa siku zote. Ile namba ya uthibitisho ni ufunguo wa mara moja, ukishafungua unavunjika. Anayekuomba kwa simu, usimpe. "Ulifanya vizuri, mama."

Halafu akaomba auone ule ujumbe. Akausoma wote. "Mama, hujausoma mpaka mwisho. Umeandikwa usajili wa mifugo, Mpwapwa. Mpwapwa kuna nani mwenye namba yako?"

Ndalu. Ndalu peke yake.

Nimempigia mara tatu. Inaita, hapokei. Moyo umekuwa mweusi: alitaka Mbega aandikwe wake. Miaka yote hii nimelisha mwizi kwa ng'ombe wangu.

Jumanne, 13 Mei

Mama muuza chumvi katoka Mpwapwa. Kasema ng'ombe wa Ndalu wote wana hereni.

Wote.

Kesho napanda basi. Nimefunga kanga, fimbo ya marehemu mume wangu iko mlangoni.

Alhamisi, 15 Mei. Kwa Ndalu

Mbega yuko zizini. Kanenepa. Masikio yake mazima.

Wote wana hereni isipokuwa yeye.

Ndalu hakuinuka kunipokea. Akaniambia akichambua mboga. "Yule kijana wa hereni alitaka kumwandika kwangu. Nikakataa, nikasema ana mwenyewe, yuko Hombolo, namba yake hii hapa. Mfumo hauandiki mtu asiyekuwepo mpaka asome namba iliyotumwa kwenye simu yake. Akakupigia, kaweka sauti ya nje. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Nikauliza, ulisikia yote?

"Mzikwe pamoja. Nilisikia. Majirani walisikia. Watoto wanaigiza mpaka leo."

Kumbe kijana alimwambia, bibi, mwandike tu kwa jina lako tumalize, asiye na hereni hauziki, na faini inakuja. Kakataa. Faini kajitwika mwenyewe kwa ajili ya ng'ombe asiye wake.

Fimbo nimeiacha nje. Nimemwambia samahani. Akasema, "Kula."

Ijumaa, 16 Mei

Kijana karudi. Amesimama mbali nami kidogo, namwelewa. Namba ikaingia kwenye kitochi. Nikausoma ujumbe mpaka mwisho, kwa sauti. Nikamwambia lete hicho kioo, naandika mwenyewe. Kidole kikubwa, vitufe vidogo. Nimekosea mara moja, nikarudia.

Mwenye ng'ombe, mimi. Mahali alipo, kwa Ndalu. Kumbe visanduku viwili vipo. Mbega katobolewa sikio, kalia kidogo, akarudi kwenye nyasi.

Jumapili, 18 Mei

Nimefika nyumbani. Nimechoka. Uwele ulionisubiri umeliwa na ndege.

Ndalu alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando, kakifunga mwenyewe. Lakini hakunisindikiza. Aliishia mlangoni. Miaka yote alinifikisha barabarani, tukisimama tena na tena kumalizia maneno, mpaka basi linapiga honi. Safari hii nimetembea peke yangu mpaka kituoni, sikugeuka nyuma.

Maziwa matamu. Nimeshindwa kuyamaliza.

Sikiliza, mwanamke. Siku utakayolifungua tena daftari hili, usishike kalamu kwanza. Mpigie Ndalu. Msalimie, muulize mgongo wake, muulize kalalaje. Habari za Mbega usiulize hata kidogo, mpaka akuambie mwenyewe.