Dawa Nyeupe Iliyokwama Kifuani

Mpendwa Maman mudogo,

Yesu wangu! Nakuandikia kule Luhwindja, wewe muke wa papa, wewe tuliyekufukuza, kwa sababu jana nimeona kwa macho yangu kitu kilichomuua papa. Si wewe.

Unakumbuka alivyokuwa anakula? Kila tonge la bugali alilisukuma na maji. Halafu anasimama, ananyoosha mikono juu, anangoja lishuke. Wewe ulimupondea sombe, majani ya muhogo, mpaka ikawa laini kabisa, na kila sahani uliionja kwanza mbele yetu, kama tunavyofanya huku kwetu, watu waone haina sumu. Siku alipotapika mezani tonton, ndugu ya papa, akaruka: "Iyi ni karuho! Wamemupa sumu!" Tukamupeleka Kadutu kwa mama mumoja muganga anayetoa karuho mwilini, akamutolea kipande cha nyama kwenye koo, nasi tukaamini, mpaka akafa. Na mimi, mutoto uliyekuwa unanisuka nywele, ndiye niliyesema: "Alionja bila woga juu alikuwa ameisha kunywa dawa ya kujikinga na sumu." Ukafunga pagne zako, vitenge vyote, ndani ya bassin, ukaondoka.

Sasa chakula kinanikwama mimi. Dokta akanituma kupiga radio, picha ya ndani ya mwili, lakini si ile ya picha moja. Hii inaonyesha mwili ukiwa unafanya kazi, kama video. Nilienda na njaa, maana wanakataza kula kabla. Wakanisimamisha mbele ya mashine na gobleti ya dawa nyeupe, nzito kama chaki iliyokorogwa.

"Shika mu kinywa kwanza," dokta akaniambia. "Bon, meza!"

Nikameza. Kwenye ekra, kile kioo cha mashine, nikaiona inashuka, inashuka, halafu karibu na tumbo, eh! Imesimama. Juu imejaa, chini kunapita kauzi kembamba tu.

"Mulango ya kuingia mu tumbo haifunguke muzuri," dokta akasema. "Unasimamaka ili chakula ishuke?"

Nilipiga kelele mpaka infirmière, muuguzi wa pale, akakimbia kuja. Nikamuelezea dokta habari za papa. Akasema hawezi kuapa kwa mutu asiyemupima, lakini alama zote nilizomutajia ni za ugonjwa huu, na mulango ule unatibiwa, watu wanakula tena. Wanakula tena, Maman! Papa alikufa na njaa mbele ya sahani zako, na sisi tulikuwa tunakuchunga wewe badala ya kumupeleka hospitali.

Nina haya. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako, na sijui kama kuna kinywa cha kuomba nacho msamaha. Tonton nimemuambia yote.

Wiki ijayo watanifungulia ule mulango wa tumbo. Dokta amesema nitaanza na supu. Natamani ya kwako. Ukikubali kuja, uniletee bakuli mezani, mbele ya tonton na familia yote, na usionje.

Ni mimi, mutoto uliyemusuka nywele