Kichupa Kiganjani

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kazini. Pole nyingi mlangoni, kisha kila mtu na shughuli zake. Nimeosha vyombo vya maabara, nikakwangua barafu kwenye friza. Binti mtafiti kanionyesha kiboksi kipya cha vichupa. Mama, hiki taratibu, ni kimeng'enya cha kuyeyusha mafuta. Cha binadamu, ila jeni imepandikizwa kwenye bakteria, wao ndio wanakitengeneza. Nikauliza mwilini kinatoka wapi. Kwenye kongosho, akasema. Nikajifanya natafuta kitambaa.

Kongosho ndilo lililomwondoa mume wangu. Alikula vizuri, akafuta sahani kwa mkate mpaka ing'ae — na bado akakonda. Mafuta yalipita tu. Suruali akaifunga kwa kamba. Bi mkubwa, akaniambia, naona narudia ujana.

Jumatano, 5 Machi
Wote walikwenda kula. Nimefungua friza, nikashika kichupa kimoja. Kidogo kama kidole cha mtoto. Hiki ndicho alichopungukiwa! Nilikifumbata mpaka barafu ya ndani ikawa maji. Kisha nikakirudisha.

Alhamisi, 6 Machi
Tena. Kilekile.

Ijumaa, 7 Machi
Tena. Nimemsimulia marehemu habari za mjukuu, na bomba la jikoni linalovuja. Nimerudi nyumbani mwepesi.

Jumatatu, 10 Machi
Binti amekipima kichupa kile. Anadondosha kimeng'enya kwenye mchanganyiko wa mafuta, mweupe kama maziwa. Kikiwa kizima, weupe unaisha. Haukuisha. Fundi wa mashine akamtania: dada, umefungua duka la maziwa?

Profesa hakucheka. Kichupa kimeyeyuka kikaganda, kikayeyuka tena, akasema. Kila mara nguvu zinakufa. Friza ni jukumu lako, akamwambia binti, kesho nitaamua kama unabaki kwenye utafiti huu. Binti akasema hajakiacha nje hata mara moja. Basi kimetembea chenyewe, akajibu Profesa.

Nilidhani kikiganda tena kimerudi kilivyokuwa. Nilikuwa pale pale na ndoo yangu. Nilichofanya ni kumpa binti kitambaa afute macho. Asante mama, akasema. Asante — mimi!

Jumanne, 11 Machi
Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Profesa. Nimeshaingia mara moja nimwambie ukweli. Hakuinua kichwa. Mama, taka ziko chini ya meza. Nikainama, nikachukua debe, nikatoka nalo. Lilikuwa tupu. Liko hapa miguuni.

Binti amefika, amekaa kando yangu. Anasubiri kuitwa. Anadhani naandika mahitaji ya nyumbani. Ameuchukua mkono wangu wa kushoto, wake ni baridi kama chuma. Mikono yako ina joto, mama, ameniambia. Bado ameushika.

Mlango umefunguka. Profesa anauliza nani anaanza.