Majembe ya Msiba

Jumatatu, 6 Julai 1953

Baridi kali. Nimefika nyumba kubwa jua halijatoka, jiko limezimika. Nimewasha. Nimechemsha maji ya Bibi Mkubwa. Nimenawa mikono kwa ile dawa ya kusafishia choo, maana ndiyo amri: nisimguse kabla ya dawa. Vidole vinachubuka. Napaka mafuta ya nyonyo lakini wapi.

Bibi Mkubwa ni mama yake Bwana. Anaumwa tangu masika, kunyanyuka hawezi tena. Mimi ndiye ninayemlisha, ninayemgeuza, ninayemsafisha haja zake zote. Lakini nikinywea kikombe chake ni kosa la kufukuzwa. Haya. Zamani nilitaka kuelewa. Sasa sitaki.

Leo kanitemea uji kifuani. Kaniita nyani. Neno hilo la Kiswahili analijua vizuri. Asante hajalijua mpaka leo.

Nimesali rozari njiani nikirudi kambi ya vibarua. Nimesinzia katikati ya Salamu Maria huku natembea. Mungu atanisamehe, naye ameona kutwa yangu.

Jumatano, 8 Julai

Bwana tunamwita Bwana Upesi, kwa kuwa ndilo neno lake. Tangu habari za Kenya zianze kusemwa redioni amekuwa mtu mwingine. Analala na bunduki. Kanunua mbwa aliyefundishwa kuuma watu weusi tu. Mbwa mwenyewe mweusi. Bandani kwenye kuchambua tumbaku watu wamecheka mpaka machozi. Filipo, nyapara wetu, kasema, "Siku atakayojiona kwenye maji, atajiuma." Mimi nami nimecheka. Kicheko hicho nakiandika hapa kwa sababu ni kidogo siku hizi.

Mchana Bwana kamsimamisha mume wangu, Baba Agata. Mtu mwenye mvi, mwenye wajukuu. Kamwita boi. Kamwuliza, "Wewe Mau Mau?" Baba Agata kajibu kwa upole kwamba yeye Mhehe, Mkatoliki, na Kenya hajawahi kufika. Bwana kasema nyinyi yote moja tu.

Nyumbani Baba Agata kala ugali wake. Halafu ikaja habari ya kichanga kilichofariki kule mwisho wa kambi, akachukua jembe akaenda. Baba Agata hawezi kukosa msiba. Hapa ndiye anayepima makaburi. Hata aliyegombana naye humchimbia. Anasema ugomvi wote mwisho wake juu ya udongo, chini hakuna.

Amerudi ametulia. Kuchimba humtuliza kuliko kulala.

Ijumaa, 10 Julai

Bibi Mkubwa amefariki asubuhi, nikiwa namgeuza. Alinishika kidole. Sijui aliniona au alidhani ni mwingine. Nadhani alidhani ni mwingine. Nimemfumba macho, nimemsalia sala ya marehemu kwa sauti ndogo.

Bwana kaingia, kalia. Analia kama sisi. Nilimwonea huruma, naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Kisha kaniona nimesimama, kasema, "Toka. Pesi."

Nimetoka, nimekwenda moja kwa moja bandani, nimewaambia kuna msiba nyumba kubwa. Ndivyo inavyofanywa. Msiba haufichwi, unamwambia aliye karibu, naye anamwambia wa pili. Filipo kavua kofia. Wanawake wakaacha tumbaku, wakajifunga kanga viunoni. Hakuna aliyesema alikuwa mbaya, ingawa kila mmoja alilijua hilo. Baba Agata kauliza jambo moja tu: atalazwa wapi? Nikamwambia kando ya mumewe, kwenye mikaratusi, mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Akasema pale pana mizizi, yatatakiwa majembe mengi. Na shoka.

Wanapanga kwenda jioni. Naandika upesi, nasaga unga wa kupeleka.

Jumamosi, 11 Julai

Sijalala. Niandike ya jana.

Tulikwenda kama tunavyokwenda kila msiba. Wanaume mbele, majembe begani. Wanawake nyuma na kuni na unga. Tulipofika uani tukaanza kulia kwa sauti. Hakuna njia nyingine. Ukienda msibani kimya watu watasema wewe ndiye uliyemloga.

Bwana katoka barazani na bunduki. Sisi tuliona mfiwa, tukazidi kulia. Yeye kaona majembe. Akapiga kelele, "Mau Mau! Mau Mau!" Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeota ndoto mbaya. Filipo kapiga goti na kofia mkononi, "Pole, Bwana. Pole na msiba." Bwana kapiga risasi hewani. Kafungulia mbwa. Mbwa kamng'ata wifi yangu Roza kwenye muundi. Wanawake wakakimbia, unga ukamwagika kwenye majani yote ya uani.

Wanaume hawakukimbia. Baba Agata aliwaambia wasikimbie, anayekimbia ndiye mwenye kosa. Kalaza jembe chini, kakaa juu ya mpini, kangoja.

Wazungu wa mashamba ya jirani walifika kwanza, halafu polisi kutoka mjini na lori. Kila aliyekutwa na jembe au shoka kapakiwa. Majembe nayo yakafungwa kamba, yakapakiwa kama ushahidi. Filipo wamemwacha, alikuja na kofia tu.

Nimeona mgongo wa Baba Agata juu ya lori. Hakugeuka.

Ni mimi niliyewaambia watu.

Jumapili, 12 Julai

Misa Tosamaganga. Mahubiri sikuyasikia.

Mlangoni mwa kanisa nimekutana na Roza, mguu umefungwa kitambaa. Ni dada yake Baba Agata, na mume wake naye kachukuliwa. Kanikabili mbele za watu: "Mama Agata, una mdomo wewe! Mzungu kafa, wewe inakuwasha nini? Si ungewaacha wamzike wenyewe kwa mikasi yao ya maua!" Watu wakacheka. Mimi nikacheka na yeye akacheka. Halafu kaniangukia begani, kalia. Tumerudi pamoja, nimemshika mkono kwenye mteremko.

Bibi Mkubwa bado yuko chumbani. Wamefungua madirisha baridi iingie. Mchana Bwana kamtuma Filipo kambini kuleta wachimbaji. Wanaume waliobaki walikuwa wanaota moto. Hakuna aliyenyanyuka. Mzee Kasiani, asiye na meno, kasema, "Mwambie Bwana jembe ni silaha. Sisi tunaogopa polisi."

Kicheko kikapita moto mzima. Kila mwanamume akasema vilevile kwa zamu yake, tena kwa adabu. Jembe ni silaha. Filipo karudi kumweleza Bwana, neno kwa neno.

Jumatatu, 13 Julai

Hakuna kazi. Bustani ya mboga haijaguswa. Bwana kasema hakuna posho ya wiki hii. Watu wamesikia. Wamekaa.

Asubuhi kaenda mwenyewe kwenye mikaratusi na sururu. Rafiki yake wa shamba la jirani kamsimamia na bunduki. Alimlinda tu, hakumsaidia. Ardhi ya Julai ni jiwe. Nilikuwa namwona kwa dirisha la jikoni. Mpaka mchana alikuwa amefika magotini. Kakaa ukingoni, kaangalia viganja vyake.

Roho yangu imegawanyika vibaya. Kuzika wafu ni tendo la huruma, tulifundishwa tukiwa wadogo, nililikariri mbele ya sista. Na maiti ile, macho yake niliyafumba mimi. Haina kosa tena. Lakini nikiwaambia watu wachimbe, Baba Agata atakaa mahabusu mpaka lini? Nimemwomba Mungu anionyeshe.

Mchana Bwana kaniita. Viganja kavifunga leso. Kasema, "Wewe sema watu yako. Chimba. Pesi."

Miaka yote sijapata kumjibu. Leo sijui mdomo ulifunguka vipi. Nikasema, "Bwana, waliokuja kuchimba umewapeleka mjini. Majembe unayo wewe. Yale yalikuwa ya mama yako."

Kasema, "Uongo!"

Nikasema, "Mtu anakuja kuua na unga, Bwana? Si ule pale kwenye majani. Kuni zile zilizorundikana mlangoni ni za nini? Tulikuja kukulilia."

Nilijua atanipiga, nikakaza shingo. Hakunipiga. Kaniita nyani, kama mama yake alivyoniita, kanifukuza mbele yake. Nimerudi jikoni, nimekaa sakafuni nimeegemea jiko. Nikasikia lori la tumbaku linawashwa, linakwenda upande wa mjini.

Jumanne, 14 Julai

Wamerudi wote. Kawaleta yeye mwenyewe na lori la tumbaku, na majembe yamefungwa kamba vilevile. Alichosema kule sikijui. Najua hakusema alikosea, maana aliposhuka alitutangazia kwamba serikali imewasamehe.

Roza kasema kwa sauti, "Imewasamehe nini?"

Nilidhani watapita nyumbani kwanza, wanawe mikono, wale chakula. Tulikuwa tumeweka maji motoni. Wapi. Wakachukua kila mtu jembe lake, wakaenda mikaratusini. Baba Agata kaliangalia shimo la Bwana. Lilikuwa limepinda. Kaingia, kalinyoosha. Hawakuimba. Kwetu huimba wakichimba, au hutaniana, watani wanadai marehemu alikuwa mlafi na kadhalika. Leo yalisikika majembe matupu. Bwana kawapa sigara. Hakuna aliyenyoosha mkono. Bwana akaweka pakiti juu ya udongo, ikafukiwa pamoja na udongo.

Wamemzika kabla ya giza, na mchungaji wao. Sisi tulisimama mbali, tulikoambiwa tusimame.

Nyumbani ndipo nilipomwona Baba Agata kwenye mwanga. Sikio la kushoto limevimba, damu imekauka. Waliwauliza kama wamekula kiapo cha Mau Mau. Yeye kajibu, "Ndiyo, cha ndoa." Wakampiga kofi la sikio. Alinisimulia hivyo, na nilipotaka kucheka nikaona yeye hacheki.

Nikisema upande wa kushoto hanisikii.

Ijumaa, 17 Julai

Bwana kawafukuza wote waliokamatwa. Mwisho wa mwezi nyumba ziwe wazi. Kasema hawezi kupata usingizi karibu na watu ambao wamewahi kuja kwake na silaha.

Mimi kaniita pembeni. Kasema naweza kubaki, nifue na nipike, mimi mzuri. Mume wangu aende. Kalisema kama mtu anayetoa zawadi. Nimevua aproni, nimeikunja, nimeweka mezani. Nimeaga kwa heshima. Sikumtukana. Nilikuwa na maneno, ila nilikuwa nimechoka kuliko maneno.

Filipo anabaki. Ana watoto wengi. Hawezi kututazama machoni, nami simlaumu hata kidogo.

Namchukia Bwana. Nimeungama hilo leo. Padre kasema niombe neema ya kusamehe. Naomba. Bado haijaja.

Alhamisi, 30 Julai

Tulifika Mbeya Jumatatu kwa mtoto wetu Agata. Mume wake ni dereva wa lori, alitufuata mwenyewe, hakutaka tulipe basi. Vumbi njia nzima. Wajukuu wamefurahi. Mimi nimefurahi kidogo, kisha nimelala kutwa.

Agata kauliza baba ana nini. Nimemwambia uchovu wa safari.

Baba Agata anachanja kuni nyuma ya nyumba. Zilizokwisha kuchanjwa anazichanja tena. Ukimwita upande wa kulia anaitika. Juzi hodi ilipopigwa mlangoni alisimama, akarudi nyuma mpaka ukutani. Alikuwa jirani, analeta maziwa.

Jumapili, 2 Agosti

Mawingu yameshuka toka mlimani mpaka kwenye mapaa. Tumetoka misa, tumekunywa chai.

Akaja kijana wa nyumba ya tatu kubisha hodi. Babu yao amefariki alfajiri, mzee wa Kisafwa. Wanaomba wanaume wenye majembe. Agata akasema pole, tunakuja. Jembe la mkwe wetu liko nyuma ya mlango. Baba Agata kalitazama. Kisha katazama barabara. Nilingoja. Wajukuu nao wakaacha mchezo, sijui walijua nini.

Kasema, "Tangulieni, Mama Agata."

Tumekwenda mimi na Agata, na unga na kuni. Nimelia na wanawake wa kule. Lugha yao siijui lakini kilio ni kile kile. Kila mtu alipotokea njiani niligeuza shingo. Kaburi limechimbwa, wanaume wametaniana, wameimba, limekwisha. Hakuja.

Mama mmoja kaniuliza kwa wema, mzee wako vipi, mbona hatumwoni? Nimesema anaumwa.

Sikudanganya.