Picha Uliyoitundika Kichwa Chini, Baba Xaveri

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka ghafla msimu wa palizi, kamera ikiwa bado shingoni.

Wengine hupiga picha za harusi. Wewe ulisimama kwenye kidaraja cha bonde letu la Ukata, kinamasi kilichokaushwa kwa mifereji, ukatupanga ukingoni na kuzipiga picha sura zetu zilivyoonekana majini. Ukutani ulizitundika kichwa chini ili nyuso zisimame. Mama alikutania: "Tuna nyumba ya bati, bado unatupiga picha mferejini kama vyura." Ulicheka kuliko sisi.

Ukitazama kutoka kidarajani, shamba letu liko kushoto kwa mfereji na la mdogo wako Raimundi liko kulia. Tulipokuzika, jiwe jeupe la mpaka lilikuwa kushoto. Kwenye picha moja uliyoitundika ukutani liko kulia. Tukasema Baba Mdogo amelihamisha ili mfereji uwe wake. Tulimpeleka mbele ya baraza la kijiji, tukamtaka aape juu ya kaburi lako. Aliitazama picha, akasema, "Wanangu, mnanijua," akaketi. Tangu siku ile hajavuka mfereji kuja kwetu.

Wiki iliyopita binti yako Margareta aliishusha picha aifute vumbi kwa ajili ya kikao cha mwisho cha baraza. Maandishi yako nyuma ya picha yalikuwa kichwa chini. Akaenda nayo kidarajani, akasimama uliposimama, akaigeuza ilivyopigwa. Jiwe likawa kushoto, pale pale lilipo leo. Picha ukiigeuza kichwa chini, cha kushoto huhamia kulia. Ulitufundisha hivyo tukiwa wadogo, tukasahau.

Kesi tumeiondoa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mwanao Henry alikwenda kuomba radhi. Baba Mdogo akampa kiti, akampa kikombe cha togwa, jibu hakumpa. Tunaona aibu, Baba, na tunaogopa.

Tunaandika hapa ili wote waliotusikia barazani wasome: Raimundi hakuhamisha jiwe. Tulikosea sisi.

Jumamosi, baada ya misa, tutajengea kaburi lako. Kwetu tofali la kwanza huwekwa na ndugu wa tumbo moja na marehemu. Hatujui kama Baba Mdogo atakuja.

Unakumbukwa na mkeo Aurelia, wanao Henry, Margareta na Beata, wajukuu wako, na mdogo wako Raimundi, ambaye tumemwandika bila kumuuliza.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe. Mchanga na saruji viko tayari. Tofali la kwanza hatutaligusa. Tutakaa hapo kando ya kaburi lako, tukitazama upande wa mfereji.