Zamu ya Mama Kushukuru

4 Machi

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila situlii. Hapa jikoni hospitalini tunawapikia wagonjwa mia tatu, na kila trei ikirudi naichungulia kuona nani amebakiza. Mkuu wa jiko ananiuliza nimepoteza nini.

Mama mdogo kanipigia, anasema unauliza kama nitakuja kwenye sikukuu. Siji. Labda umesahau ya miaka mitatu iliyopita, mimi sijasahau. Ndiyo mara ya kwanza uliponikabidhi jiko la sikukuu, nikapika peke yangu tangu alfajiri. Unajua desturi ya mezani kwetu: hainuki mtu kabla hajamshukuru mpishi kwa kutaja alichoonja. Marehemu baba, mtu akisema "asante kwa chakula" basi, alikuwa anamrudisha kitini. Siku ile wote walinishukuru, hata kaka ambaye hula huku anasoma gazeti. Ilipofika zamu yako, ukainuka ukakusanya sahani.

Nilikuwa nakusubiri wewe tu, Mama. Kesho yake nikafunga mzigo.

Mwanao


15 Machi

Marahaba, mwanangu.

Goti lipo, linanikumbusha umri kila nikichuchumaa. Kaka yako mzima, amenenepa, suruali zinamlalamikia. Sisi sote tunakusalimu.

Kuhusu siku ile, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nina swali. Wali wa watu sitini unautia chumvi kiasi gani? Nitajie vijiko, usiniambie kiganja. Na mchuzi unajuaje umekolea kabla hujauonja? Nijibu upesi, sikukuu imekaribia, na baada yake nina harusi ya binti wa fundi seremala.

Mama yako


22 Machi

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani nimekosea. Umepika shughuli za mtaa mzima tangu sijazaliwa, leo unaniuliza mimi chumvi? Kama ulitaka kuniambia sijui kupika, ungeniambia siku ile mbele ya watu, yaishe.

Vijiko saba vya chakula. Mchuzi usioonjwa haujulikani, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Mambo ya jikoni usiniandikie tena.

Mwanao


30 Aprili

Marahaba, mwanangu. Natumaini unakula na unalala.

Barua hii nimeichana mara tatu. Vijiko vyako saba nilivitumia siku ya sikukuu. Watu wakala, shukrani zikaanza, kaka yako akasema chumvi imekaa sawasawa. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama nikawaambia sijui kama imekaa sawa, maana tangu ile homa, mwezi mmoja kabla ya wewe kupika, ulimi wangu hauonji kitu.

Siku yako ile nilitafuna nyama kama natafuna kitambaa. Ningesema imekolea, ningekudanganya mezani pa baba yako. Ningesema kweli, nani tena angenipa shughuli yake nimpikie? Nikachagua kazi yangu, nikakuacha uondoke ukidhani nimekudharau. Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe.

Miaka yote hii namwonjesha jirani, najifanya nampendelea. Yeye kila kitu kwake kitamu, hanisaidii. Mwezi uliopita amehama, ndipo nikakuandikia wewe.

Fundi seremala alikuwepo mezani. Kesho yake alikuja na adabu zake zote, akasema wageni wa harusi ni wengi, ataangalia mpishi mwingine. Simlaumu. Sasa nazunguka uani, nafunika na kufunua sufuria tupu. Na wewe bado sijakushukuru, maana sina nilichoonja cha kutaja.

Mama yako


6 Mei

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisomea stoo nimesimama, nikaishia kukaa juu ya gunia la viazi. Nimelia, kisha nikakasirika upya. Miaka mitatu ni mingi, Mama, na neno lenyewe lilikuwa moja. Hasira bado ninayo na nitakuja nayo, tutagombana huko huko.

Shukrani usihangaike kuzitafuta. Zamu hii naanza mimi, nami ninacho cha kutaja: kila mgonjwa anayemaliza sahani yake hapa anakula mkono wako. Sikuwahi kukwambia.

Nimepewa ruhusa ya wiki mbili, nafika Alhamisi. Ukimaliza kusoma, vaa viatu uende kwa fundi seremala, goti lisiwe kisingizio. Mwambie asitafute mtu, mpishi wa harusi ni wewe yuleyule. Ukikuta ameshampata mwingine, tutapika uani kwetu, watakula majirani. Mimi sitashika mwiko. Nitakaa kando yako na kijiko, utapika, nitaonja, na nitakwambia ukweli.

Mwanao