Mashua ya Rimoti ya Mzee Gathogo

Woodley, Nairobi
Jumapili jioni

Nafula mke wangu,

Umeamkaje huko? Mgongo wa Mama umepoa kidogo, au bado anainuka akishika ukuta? Na mahindi ya upande wa mtoni, yameota? Mimi huku nakula, nalala, naamka naenda kazini. Ukiniuliza hali, hiyo ndiyo hali. Ningepiga simu kwa jirani, lakini najua ukiongelea pale nyumba nzima inatega masikio, na haya si maneno ya kusema mbiombio kadi ikiisha. Barua hii nampa binamu yako Wandera, anasafiri kesho.

Tangu nirudi kutoka kumzika mtoto wetu sijakuandikia. Si kwamba kazi ilikuwa nyingi. Nilikuwa nashika kalamu, naangalia karatasi, naiweka chini. Machozi hayakuwepo, hasira haikuwepo. Hata kule kazini sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya shida ya nyumbani, nikarudi, nikashika reki. Leo nitakueleza habari za kazini, kwa sababu hizo naziweza.

Unakumbuka ulivyocheka nilipokueleza lile bwawa la kule mtaa wa Karen ninalolitunza: watu wazima wanatoka na magari yao, wanakaa kwenye viti vya kukunja kutwa nzima, mtu akipata samaki anampiga picha halafu anamrudisha majini. Ndio hao hao. Mmoja wao ni Mzee Gathogo wa mtaa wa Jamhuri, alikuwa mpima ardhi kabla hajastaafu. Mwaka jana alipata kiharusi, na mkono wake wa kulia ukabaki unaning'inia tu. Pale bwawani samaki wakubwa hukaa ng'ambo, karibu na mafunjo, na bila mkono wa nguvu huwezi kurusha chambo mpaka kule. Kwa hiyo mzee akawa anakuja kukaa na kutazama wenzake.

Binti yake aliye Uingereza akamletea mashua ya rimoti. Ni kitu cha plastiki, ukubwa wa karai la kufulia. Chambo kinawekwa tumboni mwake pamoja na ndoano, na mshipi unafuata nyuma. Mzee anabonyeza rimoti kwa kidole gumba cha kushoto, nayo inakwenda polepole ikivuma. Ikifika kwenye mafunjo anabonyeza tena, tumbo linafunguka, chambo na ndoano vinazama, yenyewe inageuka kurudi.

Siku ya kwanza wote waliizunguka kama watoto. Jumamosi iliyofuata maneno yakaanza.

"Gathogo, hii si kuvua," akasema mwenyekiti wao, Bwana Karanja, yule mnene mwenye duka la vipuri huko mjini. "Hii ni kutuma mtu."

Bi. Achieng, daktari wa meno, akamjibu: "Na wewe hapa ulikuja kwa miguu? Gari yako si imekutumikia?"

"Gari haishiki samaki!"

Wakili mmoja kijana akasema samaki naye apewe nafasi, ukimpelekea chakula mpaka mlangoni kwake umemwonea. Mzee Gathogo alikuwa akiifuta mashua kwa mkono wa kushoto. Mwishowe akasema, "Mashua inapeleka. Samaki akishika, ni mimi na yeye."

Ndipo Karanja akanigeukia. "Barasa, wewe ni mtu wa ziwa. Wazee wa kwenu wangesemaje?"

Nilimfikiria Baba na nyavu zake, jinsi ambavyo hakuwahi kujiuliza kama samaki amepewa nafasi. Lakini nikasema, "Mimi sijui, bwana." Mzee aliniangalia, halafu akaangalia maji.

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mashua ikakataliwa. Karanja, na nadhani alitaka kumfariji, akasema Barasa awe anamrushia mzee chambo.

"Akinirushia Barasa," mzee akajibu, "huyo samaki ni wa Barasa."

Nikambebea mashua hadi kwenye gari. Jumamosi zilizofuata hakuja.

Baadaye mkewe, Mama Wanjiru, akaja peke yake hadi langoni. "Barasa, mzee amekataa chakula," akaniambia. "Nikimwandalia anasema ameshiba. Nifungulie siku watu hawako, hata mara moja tu." Nilijua nikikamatwa kazi imeisha. Ningependa kukuambia kwamba nilimhurumia. Ukweli ni kwamba sikuogopa kitu, basi nikakubali. Aliponipa betri ya mashua iliyokuwa imekufa, nilikwenda nayo mjini, barabara ya Luthuli, nikatafuta fundi wa redio anipatie inayolingana. Fundi aliposikia kazi yake alicheka sana: "Kumbe samaki wa Karen wanaletewa lunch!" Watu waliokuwa pale wote walicheka. Mimi nilisubiri betri.

Wakaja katikati ya wiki. Nilimkalisha mzee kwenye kiti, Mama Wanjiru akamwekea fimbo ya kuvulia katikati ya magoti. Mashua ilikwenda, ikarudi. Tukakaa. Halafu fimbo ikainama kwa nguvu hivi kwamba nusura kiti kipinduke. Nikaruka kuishika.

"Usishike!" akanipigia kelele, yule mzee ambaye huongea kama anayenong'ona kanisani. "Toa mkono wako!"

Nikautoa. Akaibana fimbo kwa mapaja, akawa anazungusha mshipi kwa mkono wa kushoto, jasho linamtiririka. Hapo ndipo nikasikia gari. Alikuwa ni Karanja. Aliteremka mteremko taratibu, akasimama nyuma yetu, mikono mfukoni. Nikajua nimekwisha.

Samaki akakimbilia magugu.

"Legeza, Gathogo!" Karanja akafoka. "Legeza, atakata!"

"Nimelegeza!"

"Bado! Mpe!"

Halafu, Nafula, yule mtu akachukua wavu wa mkono akaingia majini na viatu vyake na suruali ya suti, maji yakamfika kiunoni, akamteka. Kambare mweusi, urefu kama mguu wangu. Mzee alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka upande mmoja wa uso.

"Bado ni udanganyifu," Karanja akasema akihema.

"Kalete kura yako," mzee akajibu.

Kambare alikuwa amemeza ndoano mpaka ndani, anatoka damu. Karanja akasema huyu hataishi hata tukimrudisha. "Barasa, mambo ya lango tutaongea. Huyu peleka nyumbani. Una watoto wangapi?"

Nikasema, "Nilikuwa na mmoja. Tulimzika baada ya Pasaka. Anaitwa Neema. Alikuwa ameanza kusimama akishika kiti."

Sikujua ninasema. Nilisikia tu sauti yangu, na jina, ambalo sikuwa nimelitaja tangu siku ile. Karanja alibaki amesimama majini na samaki wake. Mama Wanjiru akashika kifua.

Mzee akauliza, "Na mama yake yuko wapi?"

"Nyumbani, Busia."

"Peke yake?"

"Yuko na mama yangu."

"Nimekuuliza, yuko peke yake?"

Nikampokea Karanja samaki, nikaanza kumfunga kwenye gunia.

Kazi bado ninayo. Jana walipiga kura tena, mashua ikaruhusiwa kwa yeyote ambaye mkono wake haurushi. Karanja peke yake alipinga, kisha akambebea mzee kiti mpaka ukingoni mwa maji. Kambare nilimpa mama mwenye nyumba, yeye na watu wake wakamla. Usidhani nililia. Sijalia. Lakini lile swali la mzee nimetembea nalo kutoka Karen mpaka hapa, na kila siku nikienda na kurudi liko.

Kwa hiyo usinijibu kwamba hamjambo. Niambie unalalaje usiku. Niambie nguo zake umeziweka wapi. Palizi ikiisha njoo, chumba ni kidogo na jirani ana redio kubwa, lakini mlango unafungika na tutakuwa wawili. Kama huwezi kuja, sema, nitaomba ruhusa, na safari hii nitataja sababu.

Nisalimie Mama, umwambie asiinue mitungi. Msalimie kaka yangu mkubwa, na shemeji aliyekaa nawe siku zile za matanga. Na Baba, ukimkuta ufukoni, mweleze habari ya mashua ya rimoti, uniandikie atakachosema.

Mimi mumeo,
Baba Neema